Ali Maow Maalin: aliyeikwepa chanjo, kisha akaihubiri

Kila chanjo inapotangazwa shuleni huku Ijara, maneno huwa mengi. Wazazi wa Masalani na Hulugho huuliza: binti yangu ana miaka 10, chanjo za utoto alizimaliza zamani, sindano nyingine ya nini? Swali hilo lina haki ya kujibiwa. Mimi napenda kulijibu kwa maisha ya mtu mmoja wa mwambao huu huu, marehemu Ali Maow Maalin wa Marka.

Marka ni mji wa bandari kusini ya Mogadishu, jirani na Barawa wanakosema Chimwini. Mwaka 1977 Ali alikuwa kijana wa miaka 23, mpishi katika hospitali ya mji huo. Ndui, iliyoua na kupofusha watu kwa karne nyingi, ilikuwa imekwisha kung'olewa Asia na Afrika karibu yote. Ilibakia Somalia, ikitembea na wafugaji wa kuhamahama. Wafanyakazi wa hospitali walitakiwa wachanjwe, lakini Ali alijiepusha. Alikuja kueleza baadaye kwamba aliona sindano ile inauma, akaogopa.

Tarehe 12 Oktoba mwaka huo, gari lililobeba watoto wawili wenye ndui lilifika hospitalini likiulizia njia ya kambi ya kuwatenga wagonjwa. Ali akapanda kuwaonyesha. Safari ilikuwa ya dakika chache tu. Mmoja wa watoto wale, msichana wa miaka 6, alifariki.

Siku kumi baadaye Ali alishikwa na homa, akatibiwa malaria. Tarehe 26 vipele vikatoka, ikadhaniwa ni tetekuwanga, akarudi nyumbani. Marafiki wakawa wanaingia na kutoka kumjulia hali, na yeye aliogopa kupelekwa kambini. Muuguzi mmoja mwenzake ndiye aliyepeleka habari.

Hapo mji ulishikwa barabara. Hospitali haikupokea wagonjwa wapya, njia za kuingia Marka ziliwekwa walinzi, na aliyepita bila chanjo alichanjwa papo hapo. Watu 161 waliokutana na Ali walitafutwa mmoja mmoja; baadhi yao hawakuwa na chanjo. Katika wiki mbili walichanjwa watu 54,777. Ali akapona, na kwa rehema za Mwenyezi Mungu hakuambukiza hata mtu mmoja.

Ikawa yeye ndiye mtu wa mwisho duniani kupata ndui kwa njia ya kawaida ya maambukizi. Tarehe 8 Mei 1980, mkutano wa Shirika la Afya Duniani mjini Geneva ulitangaza kwamba ndui imetoweka ulimwenguni. Ndiyo maana wazee wetu wengine wana alama ya chanjo ile begani, na watoto wetu hawana. Hawaihitaji tena.

Ali angeweza kuishi na sifa hiyo tu. Badala yake, ukubwani alijiunga na kampeni ya kupambana na polio. Alikwenda nyumba kwa nyumba katika nchi iliyojaa vita, na mzazi aliyekataa chanjo alimsimulia yaliyompata mwenyewe. Somalia ilikuwa ya mwisho kwa ndui. Hakutaka iwe ya mwisho kwa polio pia. Mwezi Machi 2007 kisa cha mwisho cha wakati ule kilirekodiwa, na nchi ikapumua.

Mwaka 2013 polio ikarudi. Ilianzia Mogadishu, ikavuka mpaka hadi Dadaab, katika kaunti yetu hii ya Garissa. Mwaka huo Kenya ilipata wagonjwa 14. Ali, mtu mzima sasa, akatoka tena na wachanjaji. Homa ikamshika kazini, na malaria ikamuua tarehe 22 Julai 2013. Allah amrehemu.

Sasa nirudi kwa mzazi wa Masalani. Jibu la kwanza ni kwamba Ali hakuwa mtoto mchanga. Alikuwa kijana mwenye nguvu na kazi yake, na ndui ilimkuta vivyo hivyo. Jibu la pili ni kwamba ziko chanjo zinazopangiwa umri wa shule kwa makusudi. Ile ya HPV, iliyozinduliwa Mombasa Oktoba 2019, hupewa wasichana kuanzia miaka 10 ili kuwakinga na saratani ya mlango wa kizazi. Inafanya kazi vizuri zaidi ikitangulia kabla ya kirusi, ndiyo sababu haingoji binti aolewe. Saratani hiyo ni miongoni mwa zinazoua wanawake wengi zaidi Kenya, na mgonjwa wa huku Ijara ana safari ndefu kuifikia tiba. Nayo kampeni ya homa ya matumbo ya Julai 2025 iliwahusu watoto hadi miaka 14, na sisi tunayajua maji tunayokunywa wakati wa kiangazi.

Uvumi kwamba sindano hizi hufunga uzazi nimeusikia kama mlivyousikia. HPV haifungi uzazi. Inaulinda mlango wa kizazi wenyewe. Mwenye shaka amuulize daktari, amuulize na sheikh wake, lakini aulize kabla timu haijaondoka shuleni.

Sisi ni wafugaji. Homa ya Bonde la Ufa ilipotupiga 2006 na 2007 tulizika watu na mifugo, na tangu hapo daktari wa mifugo akija na chanjo tunamkusanyia ng'ombe bila ubishi. Binti zetu wanastahili angalau bidii hiyo hiyo.