Mbaraka Mwinshehe, gwiji aliyebeba kazi za watu wengi

Marehemu Mbaraka Mwinshehe Mwaruka, aliyeupatia sifa ya muziki Mkoa wa Morogoro, lilimo Bonde la Kilombero, alizaliwa Mzenga, Kisarawe, mwaka 1944. Akiwa na Morogoro Jazz alitunga, akaimba, akapiga gitaa la solo na kusafiri hadi Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya mwaka 1970. Mwaka 1973 aliunda Super Volcano, akajitwika na uongozi. Alifariki dunia kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979, akiwa na miaka 34. Ajali haina kinga, lakini uchovu wa kazi unayo: wasanii wa Ifakara wagawane majukumu, na siku ya mapumziko ipangwe kama ipangwavyo siku ya onyesho.