Hans Meyer: Aliyeponea minyororo ya Bushiri akakipanda Kibo

Na Mwandishi Wetu, Wete

ASUBUHI isiyo na mawingu, mkazi wa Jadida mjini Wete anayeteremka pwani na kutazama magharibi huweza kuiona milima ya Usambara ng'ambo ya mkondo wa Pemba, kama mstari wa buluu juu ya bahari. Ni alipokuwa akitoka katika milima hiyo, mwaka 1888, ndipo Mjerumani Hans Meyer alipokamatwa na kutiwa minyororo, na safari yake ya pili kuelekea Kilimanjaro ikaishia hapo.

Meyer alizaliwa Machi 22, 1858, huko Hildburghausen, Ujerumani, katika ukoo wa wachapishaji vitabu. Babu yake, Joseph Meyer, ndiye aliyeanzisha kampuni iliyochapa kamusi kubwa ya elimu iliyoenea katika nyumba nyingi za Wajerumani. Kijana huyo alisoma vyuo vikuu, akaizunguka dunia kwa takriban miaka miwili, kisha mwaka 1884 akaingia katika uongozi wa kampuni ya familia. Fedha, kwa hiyo, hazikuwa tatizo lake.

Tatizo lilikuwa mlima wenyewe. Mwaka 1887 alipanda Kibo kwa mara ya kwanza, akafika chini ya kuta za barafu na kuzuiwa hapo. Hakuwa na zana za kuchonga njia, wala mwenzi mwenye ujuzi wa barafu.

Mwaka uliofuata alirejea pamoja na Oscar Baumann wa Austria. Wakati huo watu wa mrima walikuwa wameinuka dhidi ya kampuni ya Wajerumani iliyojitwalia bandari zao, wakiongozwa na Bushiri bin Salim. Wazungu hao wawili walianguka mikononi mwake, wakafungwa, na hawakuachiwa mpaka ilipolipwa fidia ya rupia 10,000. Bushiri mwenyewe alinyongwa Pangani mwezi Desemba 1889. Kwa wasomaji wa visiwani na wa mrima, jina lililo kubwa katika mkasa huo ni lake, si la mateka wake.

Mtu mwingine angeliacha. Meyer alirudi mwaka 1889, na safari hii alikuwa amejifunza. Kwa kuwa pwani ya Wajerumani ilikuwa ingali vitani, aliondokea Mombasa. Akamchukua Ludwig Purtscheller, mwalimu wa mazoezi ya viungo kutoka Salzburg, aliyekuwa miongoni mwa wapanda milima hodari wa Ulaya. Huko Marangu walipokewa na Mangi Marealle.

Hapo ndipo ilipo siri ya ushindi wake, nayo haikuwa ushujaa mtupu. Meyer alikuwa ametambua kwamba Kibo humshinda mtu kwa njaa kabla ya kumshinda kwa baridi: apandaye kutoka mbali huishiwa chakula siku ile ile anapoikaribia barafu. Akaweka kambi kwa ngazi. Kubwa ilibaki Marangu. Nyingine ndogo ikawekwa kwenye meta zipatazo 4,300, na wapagazi wakawa wakipanda kila baada ya siku chache kuleta chakula.

Katika kambi ile ya juu aliachwa mtu mmoja, Mwini Amani wa Pangani. Mtu wa pwani, aliyezaliwa penye minazi na joto, alikaa siku zipatazo 16 mahali ambapo maji huganda usiku, akitafuta kuni, akipika na kuwangojea wawili waliokwenda juu. Bila moto wake, Wazungu hao wasingekuwa na pa kurudi.

Oktoba 3 walianza kupanda usiku. Wakakuta mto wa barafu ambao Meyer aliuita kwa jina la Ratzel, mwanajiografia wa Kijerumani, na hapo Purtscheller akachukua shoka na kuchonga ngazi hatua baada ya hatua, kila hatua mapigo mengi, huku pumzi zikiwa haba. Mchana walifika ukingo wa kreta, wakagundua kwamba kilele chenyewe kingali mbele. Nguvu zilikuwa zimekwisha. Wakarudi.

Oktoba 6, siku Purtscheller alipotimiza miaka 40, walipanda tena wakizifuata ngazi zile zile, na saa nne na nusu asubuhi Meyer akasimika bendera juu ya kilele kirefu kuliko vyote barani Afrika, chenye meta 5,895. Akakiita kwa jina la Kaizari Wilhelm. Akachukua na jiwe la kileleni, ambalo baadaye alimkabidhi Kaizari sehemu yake, kana kwamba mlima ulikuwa na mwenyewe huko Berlin. Walijaribu pia kilele cha Mawenzi, wakashindwa. Hicho hakikupandwa hadi mwaka 1912.

Kitabu chake cha safari hiyo, kilichotoka 1890, kilimpatia sifa kubwa. Alirudi Kibo mwaka 1898, na alichokiona kilimshtua: kingo za barafu zilikuwa zimerudi nyuma, na mwanya alioupitia miaka tisa kabla umepanuka. Ndiye aliyeandika mapema kwamba barafu ya Kilimanjaro inatoweka.

Baadaye alipanda milima ya Ecuador, akasafiri Ruanda na Urundi mwaka 1911, na mwaka 1915 akawa profesa wa jiografia ya makoloni, Leipzig. Hata shaba za Benin, zilizoporwa na Waingereza mwaka 1897, alizinunua na kuzipeleka katika makumbusho ya mji huo. Alifariki Julai 5, 1929.

Jina alilokipa kilele lilidumu kwa muda mrefu kuliko yeye, mpaka Desemba 1961, Mwenge ulipowashwa huko juu na kilele kikaitwa Uhuru. Barafu iliyokuwa zaidi ya kilomita za mraba 11 mwaka 1912 ilikuwa imebaki chini ya mbili ilipopimwa mwaka 2011. Mgeni anayepita njia ya Marangu siku hizi hutumia siku tano au sita, akiwa na mwongozaji kama kanuni za hifadhi zinavyotaka na wapagazi wanaobeba chakula chake, na hufika Uhuru kwa kutembea juu ya changarawe, pasipo kuchonga ngazi hata moja.