Gary Gygax na mapengo ya sheria

Ernest Gary Gygax alizaliwa Chicago, Marekani, tarehe 27 Julai 1938, akakulia Lake Geneva, mji mdogo wa jimbo la Wisconsin. Alifanya kazi ya bima hadi mwaka 1970 alipoipoteza. Kisha akawa anatengeneza viatu nyumbani huku akiandika sheria za michezo ya vita ya mezani.

Rafiki yake Dave Arneson, wa jimbo jirani la Minnesota, alichezesha kwa namna nyingine. Kila mchezaji alikuwa mhusika mmoja; kiongozi alisimulia mapango na hatari zake, na dadu ziliamua lililokuwa na shaka. Gygax alichukua maandishi ya mwenzake, akaongeza yake, na mwaka 1974 ikatoka Dungeons & Dragons: vijitabu vitatu, nakala 1,000. Sheria zilikuwa fupi, pengine hazikueleweka. Pale kitabu kilipokaa kimya, wachezaji walijadiliana, na kila meza ikajipatia desturi yake.

Mimi ninayesoma isimu naona hapo lahaja zikizaliwa. Gygax aliona fujo. Kati ya 1977 na 1979 alitoa vitabu vitatu vinene vya sheria, akasisitiza kwamba anayezibadilisha hachezi tena mchezo wenyewe. Arneson, aliyenyimwa haki yake katika vitabu hivyo, alikwenda mahakamani. Mwaka 1985 Gygax naye alinyang'anywa uongozi wa kampuni aliyoianzisha, na mwaka uliofuata akaondoka.

Baada ya 2000 wachezaji wengi walianza kurudi kwenye mchezo wa zamani. Mwaka 2006 ilitoka OSRIC, iliyoandika upya sheria za vile vitabu vinene. Wengine walirudi hadi vijitabu vya 1974, wakayapenda hasa mapengo yake. Hata Gygax, katika miaka yake ya mwisho, alichezesha watu kwa sheria hizo za kwanza. Alifariki Lake Geneva tarehe 4 Machi 2008.

Maisha yake yananigusa kwa sababu ya kosa langu. Mwaka jana nilimrekodi nkambo wangu akisimulia hadisi niliyokwisha kuiandika zamani kutoka kinywani mwake. Alipobadilisha mwisho, nilimkatiza, nikamsomea daftari. Alinyamaza, hakuendelea. Daftari ninalo bado. Ule mwisho mwingine sinao.