McIndoe: daktari aliyejua kuungua hakuishii kwenye ngozi

Wahenga walisema dawa ya moto ni moto. Sir Archibald McIndoe aliikuta dawa hiyo kwenye maji ya chumvi, na sisi watu wa bahari tunapaswa kumjua.

Alizaliwa Dunedin, New Zealand, mwaka 1900. Akasomea udaktari, akapitia Mayo Clinic kule Marekani, kisha akahamia London na kujifunza upasuaji wa kurekebisha maumbile kwa jamaa yake, Harold Gillies. Vita vya Pili vilipoanza mwaka 1939 alipelekwa hospitali ya Queen Victoria, katika mji mdogo wa East Grinstead.

Huko aliletewa marubani vijana walioungua nyuso na mikono. Wakati huo vidonda vilipakwa asidi ya taniki, ikageuka gamba gumu na kuvikakamaza vidole. McIndoe aliona kwamba marubani walioanguka baharini walipona vizuri zaidi. Akaiacha asidi, akawalaza wagonjwa kwenye bafu la maji ya chumvi yenye uvuguvugu. Ngozi ikalainika, viungo vikaweza kunyooshwa.

Lakini kubwa alilofanya lilikuwa nje ya chumba cha upasuaji. Aliwaruhusu wagonjwa kuvaa sare zao badala ya nguo za hospitali, na akawaomba wenyeji wawakaribishe majumbani bila kuwakodolea macho. Mji ukaitikia. Mwaka 1941 wagonjwa wakaunda chama chao, Guinea Pig Club, wakijitania kuwa ni simbilisi wa majaribio. Hadi vita vinakwisha walikuwa 649.

Habari zake zinafika hadi kwetu. Mwaka 1956, chini ya Mlima Kilimanjaro, yeye, Michael Wood na Tom Rees walipanga huduma ya kuwafikia wagonjwa wa mbali kwa ndege. Mwaka 1957 ikazaliwa Flying Doctors, ambayo leo ni Amref, yenye makao makuu Nairobi. McIndoe alifariki Aprili 1960, na majivu yake yamezikwa katika kanisa la jeshi la anga, London.

Mimi naishi Mowlem, Eastlands, ambako wengi hupika katika chumba kilekile wanacholala. Uji ukimwagika au mtungi wa gesi ukilipuka, majirani tunachanga haraka bili ya hospitali ilipwe. Mgonjwa akisharudi nyumbani tunadhani yameisha. Kumbe ndipo kazi inapoanza: miezi ya kunyoosha kiwiko kila siku kovu lisikivute, nauli ya kwenda kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, na ujasiri wa kutoka nje mchana.

Basi harambee zetu zitenge na fungu la nauli hiyo. Na mtoto mwenye kovu akipita dukani, tumsalimie kama tunavyowasalimia wenzake. Hilo halihitaji daktari.