Maisha ya Frederick Douglass, Mtumwa wa Maryland

Muhula uliopita mwalimu wetu wa Jiografia alimgawia kila mwanafunzi wa Kidato cha Nne jimbo moja la Marekani, achore ramani yake na kueleza serikali yake na watu wake mashuhuri. Wenzangu walipata Texas na California. Mimi nilipewa Maryland, nami nilinung'unika sana, kwa kuwa ni jimbo dogo, la kilomita za mraba 32,000 hivi, na umbo lake humchosha mchoraji. Ghuba ya Chesapeake imelipasua vipande viwili, na upande wa magharibi kuna mahali ambapo upana wa nchi haufiki hata kilomita nne.

Habari za serikali hazikunichelewesha. Mji mkuu ni Annapolis, ingawa Baltimore ni mkubwa zaidi. Gavana huchaguliwa kwa miaka minne, na bunge la jimbo lina maseneta 47 na wajumbe 141. Walionichelewesha ni watu. Ningeweza kumchagua Harriet Tubman, aliyewatorosha watumwa wenzake, au Thurgood Marshall wa Baltimore, mwanasheria aliyewasaidia wajumbe Waafrika wa Kenya katika mkutano wa katiba London mwaka wa 1960. Lakini nilimchagua Frederick Douglass, na sababu mtaiona.

Alizaliwa mwezi wa Februari 1818 karibu na mto Tuckahoe, upande wa mashariki wa ghuba ile, naye aliitwa Frederick Bailey. Mama yake, Harriet, alifanya kazi katika shamba lililokuwa mbali, mwendo wa maili 12. Mara chache, baada ya kazi ya kutwa, mama huyo alitembea usiku kuja kumlaza mwanawe, kisha akarudi ili jua lisimkute nje ya shamba. Alifariki mtoto akiwa na umri wa miaka saba hivi. Baba alikuwa Mzungu, na Douglass hakupata kumjua kwa yakini.

Mwaka wa 1826 alipelekwa Baltimore, nyumbani kwa Hugh Auld. Mke wa Auld, Bibi Sophia, alianza kumfundisha alfabeti kwa wema tu. Mumewe alipopata habari alimkataza mara moja, akieleza kwamba mtumwa akijua kusoma hafai tena kuwa mtumwa. Mtoto alikuwa akisikiliza. Basi tangu hapo alijua ni kitu gani mabwana walikiogopa.

Mwalimu amekwisha ondolewa, atafanyaje? Alipotumwa sokoni alitia mkate mfukoni, akawagawia watoto wa Kizungu waliokuwa maskini na wenye njaa, nao wakamlipa kwa kumfundisha maneno. Sisi tunaokaa bwenini twajua vizuri bei ya kipande cha mkate! Kuandika alianza kujifunza penye kiwanda cha merikebu, ambako mafundi walitia herufi juu ya mbao kuonyesha kila ubao utakaa upande gani wa chombo. Alipokuwa na miaka 12 hivi alinunua kitabu cha hotuba kwa senti 50, fedha aliyoipata kwa kung'arisha viatu. Nami nakiri kwamba katika muhula wa kwanza nilipoteza vitabu viwili, wala sikuvitafuta.

Baadaye alirudishwa mashambani, akapigwa sana na mtu aliyekodishiwa ili amvunje moyo, mpaka siku moja mwaka wa 1834 alipopigana naye, na yule bwana hakumgusa tena. Alifungua kwa siri shule ya Jumapili iliyokuwa na watumwa zaidi ya 40. Mwaka wa 1836 alijaribu kutoroka, akakamatwa na kutiwa gerezani, kisha akarudishwa Baltimore kufanya kazi ya kalafati, yaani kuziba nyufa za merikebu. Mshahara wake ulichukuliwa na Auld.

Hapa ramani yangu ilinifaa. Kaskazini ya Maryland ni Pennsylvania, ambayo tangu 1780 ilikuwa na sheria ya kuondoa utumwa kidogo kidogo. Uhuru ulikuwa jirani tu! Tarehe 3 Septemba 1838 Douglass alivaa nguo za baharia, akachukua hati aliyoazimwa na baharia mmoja mweusi aliyekuwa huru, ingawa maelezo yake hayakufanana na sura yake. Nauli ilitokana na akiba ya mchumba wake, Anna Murray. Alipanda treni, akavuka mto Susquehanna kwa kivuko, akapanda meli hadi Philadelphia, na kesho yake alikuwa New York. Kwenye ramani yangu, njia hiyo ndani ya Maryland haizidi kidole gumba.

Yaliyofuata yanajulikana zaidi. Aliandika habari za maisha yake mwaka wa 1845. Rafiki zake wa Uingereza wakalipa fedha akombolewe mwaka wa 1846. Mwaka uliofuata akaanzisha gazeti lake, The North Star. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe wanawe wawili walikuwa askari. Maryland haikujitenga na Muungano, kwa hiyo tangazo la Lincoln la 1863 halikuwagusa watumwa wake. Waliwekwa huru na katiba mpya ya jimbo tarehe 1 Novemba 1864, iliyopita kwa kura 375 tu. Ukumbi wetu wa chakula hukalisha watu zaidi ya hao.

Mwaka wa 1877 Douglass alirudi kumwona Thomas Auld, aliyekuwa bwana wake, mzee mgonjwa kitandani. Alimwuliza siku aliyozaliwa. Auld alikumbuka mwezi tu. Bibi yangu mzaa mama pia hajui siku yake. Nilipomwuliza wakati wa likizo alinitajia mvua iliyobomoa daraja la kijijini. Douglass alijichagulia tarehe 14 Februari. Alifariki Washington tarehe 20 Februari 1895, na miaka mingi baadaye daftari ya bwana wake wa kwanza ilionekana, imeandikwa Frederick, mwana wa Harriet, Februari 1818. Siku haikutajwa.

Tuckahoe nimeitia nukta ya wino mwekundu. Mwalimu alinikata alama mbili kwa kusahau kuandika kipimo cha ramani.