Lilanga: Miguu ilikatwa, mkono haukuacha kuchora

MAREHEMU George Lilanga, msanii aliyewafikisha mashetani wa Kimakonde katika kumbi za maonyesho za Ulaya na Marekani, alifanya kazi zake za mwisho akiwa hana miguu.

Alizaliwa mwaka 1934 wilayani Masasi, jirani na Nachingwea. Alianza kuchonga kwa mizizi laini ya muhogo, kisha akahamia kwenye mpingo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikwenda Dar es Salaam, ambako mjomba wake, mchongaji Augustino Malaba, alimsaidia kupata kazi ya ulinzi Nyumba ya Sanaa. Kipaji chake kilipoonekana, mlinzi huyo aliingizwa miongoni mwa wasanii. Mwaka 1978 kazi zake zilionyeshwa Washington.

Uzeeni kisukari kilimwandama. Alikatwa vidole vya miguu, hatimaye miguu yote miwili. Kuchonga mpingo kunadai mwili wenye nguvu, naye hakuwa nao tena. Hata hivyo hakuiaga sanaa. Alichora akiwa ameketi, na wasaidizi wake wakashirikiana naye kupaka rangi. Mashetani wake wenye masikio makubwa waliendelea kucheza ngoma, huku aliyewaumba akiwa hawezi kusimama.

Alifariki dunia Dar es Salaam Juni 27, 2005. Siku hiyo, jijini Paris, kazi zake zilikuwa zikitazamwa katika maonyesho makubwa ya Africa Remix.