Asmund Laerdal na Mwanasesere wa Kufundishia

Asmund Laerdal hakuwa mganga. Mwaka 1940 alianzisha kazi ya kuchapa kadi na vitabu vya watoto mjini Stavanger, Norwei, kisha akatengeneza wanasesere wa plastiki laini. Siku moja alimwopoa mwanawe mdogo majini, nusura afe; jambo hilo halikumtoka moyoni. Madaktari walipotaka kifaa cha kufundishia kurudisha pumzi, mwaka 1960 alitoa mwanasesere wa kimo cha mtu mzima, ambaye kifua chake huinuka mwanafunzi akipuliza sawasawa. Alifariki mwaka 1981.

Huku kwetu Mbulu, mwaka 2010, wakunga wa hospitali ya Haydom walifunzwa kwa mwanasesere wa kichanga wa kampuni ileile, na majaribio yao yakapigwa picha za video ili yasahihishwe. Sisi walimu tupatazame hapa. Baada ya somo la siku moja walifaulu mbele ya mwanasesere, lakini katika chumba cha kuzalishia mambo yalibaki vilevile. Vilipoanzishwa vipindi vifupi vya mara kwa mara palepale kazini, vifo vya saa 24 za kwanza vilipungua kutoka 11 hadi 7 katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai.